Joginder Singh: fundi aliyenunua motokari ya okazi, akashinda Safari

Ku Lubumbashi, kijana akipata feza kidogo, anawaza motokari. Akipata feza nyingi, mawazo yanabadilika: haiko tena Toyota ya kazi, njo ile ya spoti, ya chini-chini, milango miwili, motere inanguruma mpaka majirani wanatoka inje. Porsche, BMW, Mercedes. Mupya haiwezekani, bei yake ni bei ya nyumba. Basi anatafuta okazi. Motokari za namna hiyo zinashuka kwenye bandari ya Dar es Salaam, zinapita Tunduma na Nakonde, zinavuka Zambia, zinaingia Kasumbalesa. Mnunuzi ameona picha tu ku telefone. Rangi inang'aa, viti ni vya ngozi. Lakini chini ya motokari, pale taabu inapoanza, picha haionyeshi.

Kuko mtu mmoja wa Afrika Mashariki ambaye maisha yake yanaweza kumsaidia mnunuzi huyo kabla hajatoa feza ya miaka mingi. Jina lake ni Joginder Singh. Alikuwa fundi, tena dereva. Wakenya walimpa jina la Simba. Alizaliwa Kenya, na hapa Kenya ni nchi ya Nairobi, haiko komini Kenya ya hapa mjini. Ni zaidi ya miaka kumi tangu afariki, lakini wazee wa Nairobi, Kampala na Arusha bado wanamtaja wakizungumzia mbio za motokari.

Mtoto wa garaje

Joginder Singh Bhachu alizaliwa tarehe 9 Februari 1932 huko Kericho, mkoa wa mashamba ya majani ya chai, upande wa magharibi wa Kenya. Baba yake alitoka Punjab, India, akaja Afrika Mashariki kama Masingasinga wengi wa wakati ule. Wengi wao walikuwa watu wa mikono: maseremala, wahunzi, mafundi wa reli. Wakenya wanawaita Kalasinga, na jina hilo lilishikamana na ufundi. Motokari ikikufa njiani, watu walikuwa wanauliza Kalasinga yuko wapi.

Baba alikuwa na garaje, na Joginder na ndugu zake walikomalia humo, katikati ya mafuta na vyuma. Kabla ya kujua mbio, alijua kufungua motere na kuirudisha. Baadaye alipata kazi kwenye shirika la wenye motokari la Afrika Mashariki, akawa mtu wao wa kwanza wa kuzunguka barabarani na kusaidia wenye motokari zilizokufa.

Kazi hiyo haina sifa, lakini ni masomo makubwa. Mtu anayeitwa kila siku penye motokari imelala anajua ni kitu gani kinavunjika kwanza, kwenye barabara ya namna gani, na aina gani ya motokari inarudi kwa fundi kila mwezi. Muuzaji anaona motokari siku iko safi. Fundi wa barabarani anaiona siku imemwaibisha mwenyewe.

Mbio za vumbi na potopoto

Mbio za Safari zilianza mwaka wa 1953, wakati Malkia Elizabeth wa Uingereza alipovikwa taji. Zilizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika wakati wa Pasaka, na Pasaka kule njo wakati wa mvua kubwa. Njia ilikuwa karibu kilomita 5,000, siku chache tu, usiku na mchana. Asubuhi vumbi, mchana mawe, usiku potopoto mpaka kwenye milango. Watu wa Katanga wanaojua njia ya Kasenga au ya Mitwaba mwezi wa pili hawahitaji kuelezwa zaidi.

Motokari nyingi hazikufika mwisho. Mwaka wa 1963 zilimaliza saba tu. Mwaka wa 1968 tena saba. Viwanda vya Ulaya vilileta madereva wao wakubwa na mapiesi ya kujaza lori, na wengi walirudi kwao bila kitu. Safari haikuuliza nani ana mbio kuliko wote. Iliuliza nani atakuwa bado anatembea siku ya mwisho.

Joginder aliingia mara ya kwanza mwaka wa 1959. Hakukosa hata mwaka mmoja mpaka 1980: mara 22. Kati ya hizo 22, alimaliza 19. Hesabu hiyo inasema mengi kuliko vikombe vyake, maana ni mbio ambazo kumaliza peke yake kulikuwa ni ushindi.

Motokari iliyoachwa na wenyewe

Mwaka wa 1964 kiwanda cha Volvo cha Sweden kilileta kikosi chake ku Safari. Dereva wao mmoja alikuwa Tom Trana, mtu mkubwa sana Ulaya: alishinda mbio za RAC za Uingereza mwaka wa 1963 na tena 1964. Lakini Afrika haikumwonea huruma. Volvo yake haikumaliza. Wazungu wakarudi kwao, motokari ikabaki Kenya.

Joginder na ndugu yake Jaswant waliinunua. Okazi ya kweli: imetumika kwenye mbio, imegongwa na barabara, na jina lake limekwisha kuharibika mbele ya watu. Mtu mwingine angesema, kama wenyewe wa kiwanda walishindwa nayo, mtu wa garaje ya Nairobi ataifanyia nini?

Tena haikuwa motokari ya kupendeza. Ilikuwa Volvo PV544, mgongo umejikunja kama wa kobe, kioo cha mbele kidogo. Umbo lake lilitoka kwenye PV444, ambayo Volvo iliionyesha watu mwaka wa 1944, wakati vita bado inapigwa. Mwaka ule wa 1965 kiwanda chenyewe kilikuwa kinaacha kuitengeneza. Kwa mtu wa kutafuta sifa, ilikuwa motokari ya wazee.

Lakini fundi haangalii mgongo. Bodi ya PV544 ilikuwa kipande kimoja na sakafu yake, ngumu, haipindiki upesi. Motere yake iliitwa B18, silinda nne, lita 1.8, imeshikwa kwa beringi kuu tano, na fundi yeyote aliyezoea kazi angeweza kuifungua bila vyombo vya ajabu. Motere ya namna hiyo hiyo Volvo iliiweka ndani ya P1800, spoti yao nzuri ya milango miwili. Mmarekani mmoja, Irv Gordon, alinunua P1800 mwaka wa 1966 na kuiendesha mpaka ikapita maili milioni 3, ni kusema karibu kilomita milioni 4.8. Kwa hiyo, chini ya mgongo ule wa kobe kulikuwa na moyo wa spoti, na moyo huo ulikuwa wa kudumu.

Ndugu wale wawili waliitengeneza kwa mikono yao. Walikuwa na faida moja ambayo kiwanda hakikuwa nayo: walizijua barabara, na walijua Safari inavunja nini. Motokari iliyokwisha kushindwa mara moja imekwisha kuonyesha udhaifu wake wote. Kwa mtu anayejua kusoma, kasoro inayoonekana ni afadhali kuliko uzima wa kusadiki tu.

Pasaka ya 1965

Volvo ile ilipewa namba 1, ni kusema ilitoka Nairobi mbele ya zote. Anayetangulia hakuli vumbi la wengine, na kwenye potopoto anakuta njia bado haijachimbwa. Lakini pia hana alama za kufuata. Akikosea, amekosea peke yake. Jaswant alisoma njia, Joginder alishika usukani.

Walirudi Nairobi wa kwanza, na aliyewafuata alikuwa mbali. Ilikuwa mara ya kwanza Safari kushindwa na watu wasio wa asili ya Ulaya. Kenya ilikuwa haijatimiza hata miaka miwili ya uhuru. Watu walijaa barabarani kuwaona Masingasinga wawili wa garaje, ndani ya motokari ambayo kiwanda kilikuwa kimeiacha, wakiwashinda waliokuja na feza na vyombo. Na Volvo, ambayo haikupata ushindi ule na kikosi chake yenyewe, iliupata kwa mkono wa mnunuzi wa okazi.

Porsche nyuma yake

Hadithi ingeishia hapo, mtu angesema ni bahati. Lakini Joginder alirudia. Mwaka wa 1969 alikuwa wa pili, na Volvo. Mwaka wa 1970 wa pili tena, na Datsun. Mwaka wa 1974, akiwa na David Doig, alichagua Mitsubishi Lancer 1600 GSR. Kwa umbo ni motokari ya familia: ndogo, ya mraba, motere ya lita 1.6. Mbele yake kulikuwa Porsche 911 Carrera RS ya Björn Waldegård wa Sweden, motokari ambayo mpaka leo watu wa feza wanaitafuta kama almasi. Mwisho wa mbio, Lancer ilikuwa ya kwanza na Porsche ya pili.

Mwaka wa 1976 Lancia ilileta Stratos, spoti ya chini sana yenye motere ya Ferrari. Mitsubishi ilichukua nafasi ya kwanza, ya pili na ya tatu, na ya kwanza ilikuwa ya Joginder na Doig. Kwa ushindi huo akawa mtu wa kwanza kushinda Safari mara tatu. Porsche ilikuwa ya pili mwaka wa 1972, 1974 na 1978. Ya kwanza haikuwa hata mara moja. Stratos pia haikushinda Safari kamwe.

Lakini tusiseme kwamba spoti ni mbaya. Mwaka wa 1971 na 1973 Safari ilishindwa na Datsun 240Z, spoti ya kweli ya milango miwili. Mwaka ule wa 1973 aliyeiendesha alikuwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, ambaye baadaye alifikisha ushindi mara tano. Datsun ile ilikuwa nzuri, tena ilivumilia. Uzuri peke yake haukatazwi. Kinachokatazwa ni kununua uzuri bila kuuliza habari ya uvumilivu.

Mnunuzi wa Lubumbashi anapata nini hapa

Kwanza, kununua na fundi, haiko na rafiki. Rafiki ataangalia rangi na redio. Fundi atalala chini, ataangalia kama chasi imepindika, kama kuna solda mpya chini ya rangi mpya, kama mafuta yanavuja, kama bwate ya vitesi inaingia sawasawa motere ikiwa ya moto. Joginder mwenyewe alikuwa fundi kabla ya kuwa mnunuzi.

Pili, kuuliza mapiesi kabla ya kuuliza bei. Bei ya kununua inalipwa mara moja. Mapiesi yanalipwa kila mwaka. Spoti ya bei rahisi mara nyingi ni rahisi kwa sababu mwenyewe amechoka kuilisha. Kama piesi moja inangoja ndege ya kutoka Ulaya au Dubai, motokari itakaa kwenye parseli chini ya turubai, na watoto watacheza juu yake.

Tatu, kupima motokari na barabara ya nyumbani. Kutoka katikati ya mji kwenda Katuba, Ruashi au Kisanga wakati wa mvua, motokari iliyo sentimita chache juu ya udongo itaacha tumbo lake njiani.

Ine, usukani. Kongo tunaendesha upande wa kuume, lakini motokari nyingi za kupitia Dar es Salaam zina usukani wa kuume, kwa sababu zilitengenezwa kwa nchi za kuendesha kushoto. Kwenye motokari ya chini na ya mbio, kutaka kupita lori la Kasumbalesa bila kuona mbele ni kucheza na roho.

Tano, kasoro inayojulikana isimwogopeshe mtu. Muuzaji anayeonyesha kilichovunjika ni afadhali kuliko anayeapa kwamba hakuna kitu. Fundi anaweza kuhesabu bei ya kasoro anayoiona, na hesabu hiyo njo inayosema kama feza ya familia itarudi au itapotea.

Joginder aliacha Safari baada ya 1980. Alifariki London tarehe 20 Oktoba 2013, akiwa na miaka 81. Amepita mikononi mwake motokari za viwanda vikubwa, zingine alipewa mpya kabisa. Lakini ile inayotajwa kwanza kila mara jina lake likitamkwa ni ile Volvo ya mgongo wa kobe, aliyoinunua wakati wengine walikuwa wamekwisha kuihesabu kama chuma cha kutupa.