Disney: Bingwa wa Kudokeza na Kunyamaza

Habari za mji wa kitalii wa Isiolo si ngeni kwa wakazi wake. Ulitajwa katika Ruwaza ya 2030, mpango wa taifa uliozinduliwa mwaka 2008, na baadaye Kipsing, magharibi ya mji, ikatajwa kuwa ndiko utakakojengwa. Basi yafaa tuyatazame maisha ya marehemu Walt Disney, Mmarekani aliyejua lini adokeze na lini afunge mdomo.

Disney alizaliwa Chicago tarehe 5 Desemba, 1901, na sehemu ya utoto wake aliipitisha shambani Marceline, jimbo la Missouri. Baadaye, mjini Kansas City, aliamka alfajiri kugawa magazeti nyumba hadi nyumba. Kampuni yake ya kwanza ya katuni ilifilisika mwaka 1923. Akaenda Hollywood, akaanza upya pamoja na kaka yake, Roy. Panya Mickey alimpa jina mwaka 1928, na filamu ya Snow White ya 1937 ikamzidishia sifa.

Alipotaka kujenga bustani ya michezo huko Anaheim, California, fedha hazikutosha. Akapatana na kampuni ya televisheni ya ABC: yeye aitengenezee kipindi, nayo imsaidie gharama. Kipindi kilianza Oktoba 1954 kwa jina lile lile la bustani, Disneyland. Humo watazamaji walionjeshwa michoro na hatua za ujenzi, utamu wenyewe wakaachiwa baadaye. Milango ilipofunguliwa tarehe 17 Julai, 1955, hamu ilikuwa imekwisha kupanda. Hata leo wenye bustani za namna hiyo, wakijenga reli mpya ya vigari vinavyopanda juu na kuporomoka kwa kasi, huonyesha kwanza kipande cha chuma au picha ya fumbo, watu wakabaki wakibahatisha.

Huko Florida Disney alifanya kinyume. Miaka ya 1964 na 1965, mawakala wake walinunua zaidi ya ekari 27,000 karibu na Orlando kwa majina ya makampuni yasiyojulikana, kwa wastani wa chini ya dola 200 kwa ekari. Oktoba 1965, mwandishi Emily Bavar wa gazeti la Orlando alimhoji, akashuku majibu yake, na siri ikafichuka. Bei ya ardhi ya jirani ikapaa. Tarehe 15 Novemba, Disney akatangaza rasmi. Lakini waliouza mapema walikuwa wamekwisha kuuza bila kujua thamani ya walichouza.

Disney alifariki tarehe 15 Desemba, 1966, asiione bustani hiyo ya Florida. Ni Roy aliyeisimamia hadi ikafunguliwa tarehe 1 Oktoba, 1971.

Kwa mfugaji wa Isiolo, maisha haya yana funzo. Tajiri akinyamaza, mwenye ardhi huuza kwa bei ya kutupa; mradi ukitangazwa mapema mno, walanguzi hufika kabla ya wajenzi. Kinga ya hayo mawili ni moja: malisho yaandikishwe kwa jina la wenyewe, kama inavyoruhusu Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016. Hati itangulie, vigelegele vifuate.