McKay, tabibu aliyefumbua fumbo la meno ya kahawia

MIONGONI mwa wagonjwa wanaofika Eldoret kutafuta matibabu ya meno wamo wenyeji wa Bonde la Ufa ambao meno yao ya mbele yana mabaka ya rangi ya kahawia. Wapo waliopiga mswaki mara tatu kwa siku, waliosugua kwa makaa na hata kwa majivu, na rangi ile haikutoka. Wengine wamezoea kufunika mdomo kwa kiganja kila wanapocheka.

Siku hizi mwenye uwezo huweza kubandikiwa vinia, yaani vigamba vyembamba vya kaure au resini ambavyo tabibu huvigandisha mbele ya jino ili kuficha doa. Hata hivyo, anayetaka kujua doa hilo lilitoka wapi, na kwa nini mswaki hauliwezi, hana budi kurejea maisha ya tabibu mmoja wa Marekani, Frederick McKay, aliyetumia takribani miaka thelathini kulitafutia jawabu.

McKay alizaliwa mwaka 1874 katika jimbo la Massachusetts. Alihitimu masomo ya udaktari wa meno katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania mwaka 1900, na mwaka uliofuata akafungua kliniki mjini Colorado Springs, mji wa nyanda za juu ulio chini ya milima, kama ulivyo Eldoret juu ya ukingo wa Bonde la Ufa. Hakukaa sana kabla ya kushangazwa na alichokiona: wazaliwa wa mji huo walikuwa na meno yenye mabaka ya kahawia, mengine rangi ya chokoleti. Alipopekua vitabu vya taaluma yake hakuona lolote lililoandikwa kuhusu hali hiyo.

Wenyeji nao walikuwa na maelezo yao. Baadhi walisema ni kula nyama ya nguruwe kupita kiasi, wengine wakalaumu maziwa duni. Matabibu wenzake McKay hawakulitilia maanani jambo hilo. Lilikuwa doa la watu wa pale, basi.

McKay hakuridhika. Aliendelea kuwapima watoto na kuandika aliyoyaona, hadi akamvuta upande wake Greene Vardiman Black, mtafiti wa meno aliyeheshimika kuliko wote nchini humo wakati huo. Black alianza kwa shaka, kwani hakuamini kwamba hali iliyoenea namna hiyo ingeweza kukosa kuandikwa. Mwaka 1909 alifika Colorado, akaambiwa kuwa karibu asilimia 90 ya watoto waliozaliwa mjini humo walikuwa na alama hizo, na shaka ikamtoka. Alishirikiana na McKay hadi alipofariki mwaka 1915.

Utafiti wao ulizaa mambo mawili makubwa. La kwanza, doa lile halikuwa uchafu uliobandika juu ya jino, bali kasoro iliyoingia ndani ya enameli, tabaka gumu la nje, wakati jino lilipokuwa likijijenga utotoni. Mtu mzima aliyehamia Colorado Springs meno yake yakiwa yamekwisha kuota hakupata doa. Ndiyo sababu kusugua hakusaidii. La pili liliwashangaza wenyewe: meno yale yenye mabaka hayakuoza upesi kama meno mengine.

McKay aliyashuku maji ya kunywa, lakini vipimo vya wakati huo havikuonyesha kitu. Ushahidi ulianza kujitokeza mwaka 1923 alipoitwa katika mji mdogo wa Oakley, jimbo la Idaho. Wazazi walimweleza kwamba watoto wao walianza kuota meno yenye madoa muda mfupi baada ya mji kuvuta maji kwa bomba kutoka chemchemi ya maji ya uvuguvugu. McKay hakupata kasoro yoyote katika maji hayo, lakini aliwashauri wayaache na kutafuta chemchemi nyingine. Walimsikiliza. Baada ya miaka michache watoto wadogo wa Oakley waliota meno ya kudumu yasiyo na doa.

Jawabu lenyewe lilitoka mahali asipopatarajia. Katika mji wa Bauxite, jimbo la Arkansas, uliomilikiwa na kampuni ya alumini, watoto nao walikuwa na meno ya kahawia, na McKay alikwenda huko kuchunguza pamoja na daktari wa serikali. Ripoti yao ilimfikia H. V. Churchill, mkemia mkuu wa kampuni hiyo, ambaye tayari alikuwa akihangaishwa na uvumi kwamba sufuria za alumini zina sumu. Alipima maji ya Bauxite kwa mtambo wa kisasa zaidi na mwaka 1931 akamwandikia McKay matokeo: maji yalikuwa na miligramu 13.7 za floridi katika kila lita. McKay alikusanya sampuli kutoka miji mingine yenye doa, nazo zikatoa jawabu lile lile.

Kutoka hapo mtafiti wa serikali, H. Trendley Dean, alibaini kwamba floridi ya takribani miligramu moja kwa lita huzuia meno kuoza bila kuyaharibu rangi kwa kiasi cha kuonekana. Mwaka 1945 mji wa Grand Rapids, Michigan, ukawa wa kwanza duniani kuongeza floridi katika maji yake kwa makusudi. McKay aliyaona hayo yote kabla ya kuaga dunia mwaka 1959.

Kwa Mkenya, urithi wa McKay ni onyo kuliko sifa. Miamba ya volkano ya Bonde la Ufa, hasa maeneo ya Nakuru, Naivasha na Elementaita, hutia floridi nyingi katika maji ya visima. Kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya bonde hilo huzidi hapo. Kuchemsha maji hakuondoi floridi. Maji yakipungua kwa mvuke, floridi iliyobaki huzidi kukolea. Kinachofaa ni maji ya mvua, au maji yaliyochujwa kwa mkaa wa mifupa ya mifugo, mbinu ambayo Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru imeieneza. Anayehitaji kulindwa zaidi ni mtoto wa chini ya miaka minane, kwa kuwa huo ndio wakati enameli ya meno ya kudumu inapojengeka.

Aliyekwisha kubandikiwa vigamba naye ana wajibu wake. Kaure haishiki rangi kwa urahisi, lakini resini hufyonza chai ya rangi, kahawa na moshi wa sigara, na gundi iliyo ukingoni hubadilika rangi hata kwenye kaure. Inafaa kusukutua kwa maji baada ya vinywaji hivyo, kutumia mswaki laini na dawa ya meno isiyokwaruza, na kuepuka makaa kabisa. Dawa za kung'arisha hazibadilishi rangi ya kigamba. Huacha meno ya jirani yakiwa meupe kukizidi. Kufungua soda kwa meno, kutafuna mifupa au kumenya miwa huweza kukivunja, na anayesaga meno usingizini humwomba tabibu kinga ya kuvaa usiku. Tabibu amwone kila baada ya miezi sita, maana ufizi ukiugua au jino likioza chini ya kigamba, uzuri wa nje hausaidii.

Zaidi ya hayo, enameli inayopunguzwa ili kubandika kigamba haimei tena, na kigamba chenyewe hudumu kwa miaka, si milele. Mwenye vigamba huvirudia kwa gharama maisha yake yote. Wazazi wa Oakley walibadilisha bomba, na watoto wao hawakuwa na doa la kuficha.