George Birkbeck

George Birkbeck (Settle, Yorkshire, 10 Januari 1776 – London, 1 Desemba 1841) alikuwa daktari na mwalimu wa sayansi kutoka Uingereza. Anakumbukwa hasa kama mwanzilishi wa masomo ya jioni kwa mafundi na wafanyakazi wa viwandani. Chuo cha Birkbeck, kilicho sehemu ya Chuo Kikuu cha London, kimepewa jina lake.

Maisha ya awali

Alizaliwa katika familia ya Jumuiya ya Marafiki, wanaojulikana pia kama Waquaker. Baba yake alikuwa mfanyabiashara na mwenye benki. Wakati huo vyuo vya Oxford na Cambridge havikutoa shahada kwa watu wasio waumini wa Kanisa la Anglikana, hivyo vijana wengi wa Jumuiya hiyo walikwenda Uskoti kusoma. Birkbeck alipata shahada ya udaktari Edinburgh mwaka 1799. Huko alifahamiana na Henry Brougham, ambaye baadaye alikuwa mwanasiasa mashuhuri na mtetezi wa elimu kwa umma.

Mafundi wa Glasgow

Mwaka huohuo aliajiriwa na Taasisi ya Anderson mjini Glasgow kufundisha falsafa ya asili, jina la wakati huo la fizikia. Vifaa vya kuonyeshea wanafunzi vilikuwa haba, ikambidi aende kwenye karakana za mji kuagiza vitengenezwe. Katika karakana ya fundi bati, mafundi waliokuwa wakimtengenezea mfano wa pampu walianza kumuuliza kifaa kile ni cha kazi gani na kinafanyaje kazi. Watu hao walikuwa na ustadi wa kutengeneza karibu kila kitu walichoagizwa, lakini hakuna aliyewahi kuwaeleza kanuni zilizokuwa nyuma ya kazi ya mikono yao.

Birkbeck aliamua kuwafundisha bila malipo. Baadhi ya watu wa taasisi waliona wazo hilo ni ndoto tu: mafundi hawatakuja, na wakija hawataelewa. Mwaka 1800 alianza mihadhara ya Jumamosi jioni, baada ya saa za kazi. Mhadhara wa kwanza ulihudhuriwa na watu 75, wa pili 200, wa tatu 300, na wa nne 500. Alitumia lugha nyepesi na majaribio mengi mbele ya wasikilizaji.

Aliondoka Glasgow mwaka 1804, na nafasi yake ikachukuliwa na Andrew Ure. Darasa la mafundi halikufa. Mwaka 1823 wanafunzi wenyewe walijitenga na taasisi na kuunda chuo chao cha mafundi.

London

Birkbeck alihamia London akafanya kazi ya udaktari. Habari za mafundi wa Glasgow zilipofika huko, Thomas Hodgskin na Joseph Clinton Robertson, wahariri wa jarida la Mechanics' Magazine, walipendekeza London nayo iwe na chuo cha namna hiyo. Mkutano wa tarehe 11 Novemba 1823 ulihudhuriwa na watu wapatao 2,000, na chuo kilianzishwa rasmi tarehe 2 Desemba. Birkbeck alichaguliwa kuwa rais wake, akashika wadhifa huo hadi kufa.

Mgogoro ulizuka mapema. Hodgskin na Robertson walitaka wafanyakazi wagharimie chuo wenyewe kwa ada zao, kwa hofu kwamba anayetoa pesa ndiye atakayeamua kinachofundishwa. Birkbeck na Francis Place walikubali michango ya matajiri, kwa kuwa ada peke yake isingetosha kupata jengo na vifaa. Upande wa Birkbeck ulishinda, ingawa kanuni zilitaka theluthi mbili ya wanakamati wawe wafanyakazi. Yeye mwenyewe alikikopesha chuo maelfu ya pauni kwa ajili ya ukumbi wa mihadhara. Hodgskin, licha ya kushindwa, alifundisha hapo uchumi.

Upinzani mwingine ulitoka kwa wahafidhina, waliodai kwamba kumpa mfanyakazi elimu ni kupanda mbegu ya uasi. Hata hivyo vyuo vya mafundi vilienea, na kufikia katikati ya karne ya 19 Uingereza ilikuwa na mamia. Wanawake waliruhusiwa kusoma katika chuo cha London mwaka 1830, jambo lililokuwa nadra sana wakati huo. Udhaifu pia ulijitokeza: katika vyuo vingi makarani na wauzaji wa madukani walikuja kuwa wengi kuliko mafundi, ambao walifika wakiwa wamechoka baada ya saa nyingi kiwandani, na wengi wao hawakuwa na msingi wa kusoma na kuandika.

Kifo na baada yake

Birkbeck alifariki siku moja kabla ya chuo kutimiza miaka 18, akazikwa katika makaburi ya Kensal Green. Chuo kilichukua jina lake mwaka 1866 na kujiunga na Chuo Kikuu cha London mwaka 1920. Miongoni mwa waliosoma hapo ni Sidney Webb na Marcus Garvey. Masomo yake mengi bado hutolewa jioni.