Kenneth E. Iverson
Kenneth Eugene Iverson (17 Desemba 1920 – 19 Oktoba 2004) alikuwa mwanasayansi wa kompyuta kutoka nchini Kanada. Anajulikana hasa kama mbunifu wa lugha ya programu APL.

Alizaliwa karibu na Camrose, Alberta. Aliacha shule baada ya darasa la 9 ili kufanya kazi shambani kwa wazazi wake, akaendelea na masomo kwa njia ya posta alipokuwa jeshini. Alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1954 na kufundisha huko, lakini hakupewa nafasi ya kudumu. Mwaka 1960 alihamia IBM.

Kitabu chake cha mwaka 1962 kilikuwa msingi wa APL. Katika lugha hiyo, alama moja hupanga orodha ya namba 12 kuwa jedwali la mistari 3 na safu 4. Alitunukiwa Tuzo ya Turing mwaka 1979.

Mwaka 1990 alianzisha lugha ya J pamoja na Roger Hui. Humo, orodha zilizofungwa ndani ya orodha nyingine hufunguliwa na kuunganishwa kuwa jedwali. Orodha fupi za namba hujazwa sifuri.

Alifariki mjini Toronto akiwa na umri wa miaka 83.