Dick Tiger: Bingwa wa uzani wa kati aliyerudisha nishani ya Uingereza

GOMA, Kivu Kaskazini – Ukitaja ndondi mjini Goma, wazee hukumbuka Oktoba 30, 1974, Muhammad Ali alipomwangusha George Foreman mjini Kinshasa. Lakini miaka 11 kabla ya usiku huo, Ibadan nchini Nigeria ilikuwa imeandaa pambano la ubingwa wa dunia, na aliyeshinda alikuwa mwana wa nyumbani: Dick Tiger.

Jina lake halisi ni Richard Ihetu, mzaliwa wa Amaigbo, mashariki mwa Nigeria, mwaka 1929. Alipofika Liverpool, Uingereza, mwaka 1955, alipoteza mapambano yake manne ya kwanza. Hakukata tamaa. Mwaka 1958 alimwangusha Pat McAteer katika raundi ya tisa na kutwaa ubingwa wa Jumuiya ya Madola, kisha akahamia Marekani.

Oktoba 23, 1962, mjini San Francisco, alimshinda Gene Fullmer kwa pointi na kuwa bingwa wa dunia wa uzani wa kati, ambao kikomo chake ni takriban kilo 72.5. Walitoka sare waliporudiana Las Vegas. Agosti 10, 1963, mjini Ibadan, Fullmer alishindwa kuendelea baada ya raundi ya saba.

Tiger alipoteza mkanda mwaka huohuo, akaurejesha 1965, akaupoteza tena 1966. Desemba 1966 alipanda uzani na kumpokonya José Torres ubingwa wa uzani mzito mwepesi.

Julai 1967 vita vya Biafra vikazuka. Kwa wakazi wa Goma, ambao wengi wamewahi kufunga virago risasi zikilia, kilichofuata hakihitaji maelezo marefu. Tiger, Mwigbo, aliunga mkono Biafra, akapewa cheo cha luteni na kuwafundisha wanajeshi mazoezi ya viungo. Njaa iliua mamia ya maelfu ya watu, wengi wao watoto.

Uingereza iliipa Nigeria silaha. Desemba 1969, Tiger akairudisha nishani ya MBE aliyotunukiwa na Uingereza. Mwezi uliofuata Biafra ilisalimu amri.

Vita vilimgharimu sehemu kubwa ya mali yake. Bingwa huyo wa dunia alimalizia kazi New York akiwa mlinzi wa jumba la makumbusho, hadi alipogundulika kuwa na saratani ya ini. Alirejea nyumbani mwaka 1971 na kufariki dunia Desemba 14 mjini Aba, akiwa na miaka 42.