Leakey: Kutoka mifupa ya Mfangano hadi utafiti wa Ukimwi

MIAMBA ya visiwa vya Mfangano na Rusinga, katika Kaunti ya Homa Bay, ilimjengea Louis Leakey sifa ya mtafuta mifupa ya kale. Lakini uamuzi wake wa kuwachunguza nyani walio hai ndio unaogusa zaidi maisha ya wakazi wa ziwa hilo leo.

Leakey alizaliwa Kabete Agosti 7, 1903, mwana wa wamishonari Waingereza. Alikulia miongoni mwa Wakikuyu, akaimudu lugha yao, kisha akasomea Chuo Kikuu cha Cambridge.

Kuanzia miaka ya 1930 alirejea mara kwa mara visiwani. Mnamo Oktoba 1948, mkewe, Mary, aligundua huko Rusinga fuvu la Proconsul, mnyama wa jamii ya nyani aliyeishi takriban miaka milioni 18 iliyopita. Mfangano nako kulipatikana mabaki ya jamii hiyo.

Hata hivyo, mfupa hauelezi mnyama aliishije wala aliugua nini. Mwaka 1958 Leakey alianzisha kituo cha utafiti wa nyani huko Tigoni. Miaka miwili baadaye alimtuma Jane Goodall, ambaye wakati huo hakuwa na shahada yoyote, kuwachunguza sokwe wa Gombe, Tanzania.

Leakey alifariki London Oktoba 1, 1972, akazikwa Limuru. Ukimwi ulitambuliwa mwaka 1981, na kwa miaka mingi Homa Bay imekuwa miongoni mwa kaunti za Kenya zilizoathirika zaidi. Vijiji vya wavuvi vilizika vijana na kubaki na mayatima.

Hapo ndipo mbegu alizopanda zilipoonekana. Kituo cha Tigoni kilikuwa kimekua na kuwa Taasisi ya Utafiti wa Nyani, Karen, inayochunguza maradhi kama malaria na kichocho. Mwaka 2009, kumbukumbu za miaka mingi za Gombe ziliwawezesha wanasayansi kuonyesha kwamba sokwe wenye virusi vinavyofanana na vya Ukimwi hufa mapema kuliko wenzao. Tumbili wa Afrika, kwa kawaida, huishi na virusi vya aina yao bila kuugua.

Makaku wa Asia, kinyume chake, huugua. Ndiyo maana maabara za Marekani ziliwatumia kupima kinga ya kupokezwa: mnyama hutiwa mwilini kingamwili zilizotoka kwingine, kisha huwekewa virusi. Matokeo ya mwaka 2000 yalionyesha kuwa kingamwili pekee, zikiwa nyingi vya kutosha, zaweza kuzuia maambukizi.

Njia hiyo ilijaribiwa baadaye kwa binadamu, wakiwemo wanawake wa mataifa kadhaa ya Afrika, Kenya ikiwa mojawapo. Matokeo ya mwaka 2021 yalichanganya matumaini na masikitiko: kingamwili ya aina moja haikupunguza maambukizi kwa jumla, lakini ilizuia sehemu kubwa ya yale ya virusi vinavyoathiriwa nayo kwa urahisi. Tangu hapo juhudi zimeelekezwa katika kuchanganya kingamwili kadhaa.

Leakey hakuwahi kulisikia jina la Ukimwi, wala majaribio hayo si yake. Urithi wake ni kutambua mapema kwamba anayetaka kumwelewa binadamu sharti awajue pia jamaa zake wa msituni, wangali hai.