Rachel Carson: Mtumishi wa Umma Aliyehoji Dawa ya Shambani Inaishia Wapi

Na Mwandishi Wetu, MAELEZO

Kila mwaka mikorosho inapoanza kutoa maua katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa mkoani Lindi, wakulima huingia mashambani na mabomba ya kupulizia ili kuukabili ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu uliobainika katika mikorosho ya nchini mwishoni mwa miaka ya 1970. Salfa ya unga hutanda juu ya matawi, maua hunusurika na korosho hupatikana. Lakini sehemu ya unga huo hushuka ardhini. Je, kinachoshuka kinaishia wapi, na kinakaa kwa muda gani?

Mtu aliyelitoa swali la namna hiyo maabara na kuliweka mbele ya wananchi wa kawaida ni Rachel Carson, mwanabiolojia wa Marekani aliyefariki dunia mwaka 1964.

Carson alizaliwa tarehe 27 Mei, 1907 katika mji mdogo wa Springdale, jimbo la Pennsylvania. Mama yake, Maria, ndiye aliyemzoesha tangu utotoni kutazama ndege, wadudu na mimea iliyozunguka nyumba yao. Alijiunga na chuo akiwa na nia ya kusomea fasihi, akabadili na kuchukua biolojia, akahitimu mwaka 1929. Mwaka 1932 alipata shahada ya uzamili katika zuolojia kutoka Chuo Kikuu cha Johns Hopkins.

Baba yake alifariki mwaka 1935, na jukumu la kuitunza familia likamwangukia yeye. Mwaka huo huo alipata kazi ya muda katika Ofisi ya Uvuvi ya Serikali ya Shirikisho, ya kuandika vipindi vya redio kuhusu viumbe wa baharini. Mwaka uliofuata aliajiriwa rasmi baada ya kufaulu mtihani wa utumishi wa umma. Kwa zaidi ya miaka 15 kazi yake ilikuwa kuyachukua matokeo ya watafiti na kuyaandika kwa lugha inayoeleweka na mwananchi, hadi akawa mhariri mkuu wa machapisho ya Idara ya Samaki na Wanyamapori. Kitabu chake cha mwaka 1951 kuhusu bahari kilipata wasomaji wengi mno, na mwaka 1952 aliacha ajira ili aishi kwa kalamu yake.

Wakati huo dunia ilikuwa imeikumbatia DDT. Mkemia wa Uswisi, Paul Müller, alikuwa amegundua nguvu yake ya kuua wadudu mwaka 1939, na Tuzo ya Nobel aliyopewa mwaka 1948 ilitokana na ugunduzi huo. Dawa hiyo iliokoa maisha ya watu wengi dhidi ya homa inayoenezwa na chawa na dhidi ya malaria. Baada ya vita ilianza kumwagwa kwa ndege juu ya mashamba, misitu na makazi. Carson alitaka kuandika juu ya athari zake tangu mwaka 1945, lakini jarida alilolipelekea wazo hilo halikulikubali. Mwaka 1958 rafiki yake wa Massachusetts alimwandikia kwamba ndege walikuwa wamekufa baada ya eneo lake kunyunyiziwa dawa ya mbu. Barua hiyo ilimrudisha kwenye suala lile.

Kitabu chake, Silent Spring, kilitoka Septemba 1962. Hoja yake ya msingi ilihusu udumu. Dawa nyingi huvunjwa na jua, joto, maji na bakteria wa udongo, ambapo molekuli kubwa hukatwa vipande vidogo visivyo na nguvu ile ya awali. DDT huvunjika polepole sana: ardhini, nusu ya kiasi kilichomwagwa huweza kuchukua kuanzia miaka 2 hadi 15 kupungua, na mojawapo ya mabaki yake, DDE, hudumu muda mrefu pia. Haiyeyuki vizuri katika maji, bali huyeyuka katika mafuta. Kwa sababu hiyo hujilimbikiza mwilini na kuongezeka kila kiumbe mmoja anapoliwa na mwingine. Carson alitoa mfano wa Clear Lake, California, ambako dawa ya jamii hiyo iliwekwa ziwani kwa kiwango kidogo mno, lakini ndege wala samaki wakakutwa na sehemu 1,600 kwa milioni katika mafuta yao.

Viwanda vya kemikali vilimshambulia vikali, naye alikuwa akiugua saratani ya matiti. Mei 1963 kamati ya wanasayansi iliyomshauri Rais Kennedy ilitoa taarifa iliyounga mkono sehemu kubwa ya hoja zake, na mwezi uliofuata akatoa ushahidi mbele ya Seneti. Alifariki tarehe 14 Aprili, 1964 akiwa na umri wa miaka 56. Marekani ilipiga marufuku matumizi ya DDT katika kilimo mwaka 1972.

Wapo wanaomlaumu kwamba aliwanyima watu kinga ya malaria. Carson hakutaka kemikali zote zifutwe. Alipinga matumizi holela, na alionya kuwa unyunyiziaji wa kupita kiasi huzalisha wadudu sugu. Mkataba wa Stockholm, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2004, unaruhusu DDT kwa udhibiti wa wadudu wanaoeneza magonjwa pekee.

Tanzania nayo ina ushahidi wake. Huko Vikuge, mkoani Pwani, shehena ya viuatilifu iliyoletwa kama msaada katika miaka ya 1980 iliachwa ghalani hadi jengo likabomoka, na miaka mingi baadaye watafiti waliikuta DDT katika udongo wa eneo hilo.

Kwa mkulima wa Nachingwea na Ruangwa, ifahamike kuwa salfa si DDT: hailimbikizwi katika mafuta ya mwili. Hata hivyo salfa ni elementi, haiwezi kuvunjwa ikatoweka. Bakteria wa udongo huigeuza kuwa asidi, na udongo wa kichanga hauna uwezo mkubwa wa kuihimili. Tafiti zilizofanyika kusini mwa nchi katika miaka ya 1990 zilionesha kuwa upuliziaji wa salfa huongeza tindikali ya udongo chini ya mikorosho, jambo linaloweza kuyagusa pia mazao yanayopandwa katikati ya miti hiyo.

Hivyo wakulima wanakumbushwa kutumia kipimo kinachoelekezwa na maafisa ugani, kupima udongo na kuweka chokaa ya kilimo pale inaposhauriwa. Kwa viuatilifu vingine, wanunue vilivyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), wasome lebo, na wasivitumie vifungashio vitupu kuhifadhia maji au chakula.